Kufundisha Juu ya Utoaji wa Viungo vya Mwili

Mwalimu wa Biolojia anapofikia mada ya figo, aghalabu huchora mchoro ubaoni, hutaja sehemu zake na kazi zake, kisha huendelea na mada nyingine. Lakini tangu Novemba 2017, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza, na ile ya Benjamin Mkapa huko Dodoma ikafuata mwaka 2018, jambo hili limetoka vitabuni likaingia majumbani. Upandikizaji huo umewategemea ndugu walio hai. Maana yake ni kwamba mahali fulani ukoo uliketi, watu wakatazamana, ikaulizwa nani atatoa. Yamkini mwanafunzi wetu wa leo ataketi katika kikao cha namna hiyo kesho.

Tumewaangalia wanachuo wetu wakiigusa mada hii katika mazoezi ya kufundisha. Wengi hukimbilia kuhubiri kwamba kutoa ni wema. Darasa zima huitikia "ndiyo, mwalimu", na hofu hubaki palepale ilipokuwa. Sisi twapendekeza hofu ndiyo itangulie. Siku moja kabla ya somo, kila mwanafunzi aandike swali moja katika kipande cha karatasi, bila jina, na mwalimu akayasome nyumbani kwa utulivu. Atakutana na maswali kama haya: Je, maiti yaweza kuzikwa ikiwa pungufu? Aliyebaki na figo moja ataweza kulima? Daktari hataniacha nife ili achukue viungo vyangu?

Swali hili la mwisho lisichekwe. Katika miji ya Pwani, wakati wa ukoloni, zilienea habari za mumiani, watu waliodaiwa kuwakamata wenzao usiku na kuwatoa damu ya kufanyia dawa. Nairobi na Kampala walishukiwa wazimamoto. Hatuhitaji kuziamini habari hizo ili kutambua kwamba zilizaliwa pale ambapo wenye mamlaka waliugusa mwili wa mtu bila kumweleza wala kumwomba ridhaa. Mwanafunzi anayeuliza hivyo anauliza juu ya ridhaa, na jibu lake ni la wazi: kwa mujibu wa kanuni za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2010, madaktari wanaothibitisha kifo hawaruhusiwi kuhusika na kutoa viungo vya marehemu huyo wala kuvipandikiza, wala kumhudumia mgonjwa atakayevipokea. Hapo ndipo pa kueleza pia kifo cha ubongo, yaani hali ambayo ubongo wote umekufa kabisa ingawa moyo waendelea kupiga kwa msaada wa mashine ya kupumulia. Mwalimu asilipite jambo hili kwa haraka. Ni gumu hata kwa watu wazima.

Swali la figo moja ni jepesi zaidi, kwa kuwa zana yake yapatikana buchani. Figo mbili za mbuzi zatosha. Zipasuliwe kwa kisu kikali kwa urefu, wanafunzi waone tabaka la nje na la ndani na mahali mkojo unapokusanyika, kisha waambiwe kwamba ya binadamu hulingana takriban na ngumi ya mwenyewe. Baada ya hapo wasimuliwe habari za Ronald Herrick wa Marekani. Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, alimpa pacha wake Richard figo moja, katika upandikizaji wa kwanza wa figo uliofaulu kwa muda mrefu. Kwa kuwa walikuwa mapacha wa kufanana, mwili wa Richard haukuikataa figo ile, naye akaishi miaka minane zaidi. Ronald alifariki mwaka 2010, akiwa na umri wa miaka 79. Kazi yake ilikuwa ualimu wa hisabati na, kwa jibu la yule aliyeuliza, alilima pia.

Kuhusu dini, mwalimu si shehe wala padri, na asijifanye. Inatosha aeleze yanayojulikana: mwaka 1988 baraza la kimataifa la wanazuoni wa fikihi, lililokutana Jeddah, liliruhusu upandikizaji kwa masharti, mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II aliusifu utoaji wa viungo kuwa tendo la upendo. Pande zote mbili zilidai ridhaa na kukataza kuuza. Wapo waumini wenye shaka hata sasa, nao wasisukumwe. Tusiwape wanafunzi kura ya kunyoosha mikono kuuliza nani yu tayari kutoa. Mtoto hatakiwi kuahidi mwili wake mbele ya wenzake.

Liko jambo jingine la kuchunga. Huenda darasani yumo mtoto ambaye mzazi wake husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa juma. Mwalimu mkuu au mwalimu wa darasa aulizwe mapema. Mtoto huyo aitwe kando kabla ya kipindi, aelezwe kitakachofundishwa, naye achague mwenyewe kuketi pamoja na wenzake au kwenda maktabani.