Kompyuta ya Chama Inapozidiwa na Kazi

Kompyuta yenye mfumo wa Linux huifanyia kazi kumbukumbu ya ndani kama karani afanyavyo mezani. Meza ikijaa, kurasa zisizotumika sana hupelekwa kwenye sehemu ya diski iitwayo swopu, nazo hurudishwa zinapohitajiwa.

Mashine ikisuasua, yafaa katibu aandike amri ya vmstat 5. Safu za “si” na “so” zikionyesha tarakimu kubwa mfululizo, kumbukumbu imezidiwa. Kuongeza swopu hapo hakuleti wepesi. Bora kufunga programu zisizo za lazima, au kununua kumbukumbu zaidi.

Lakini amri ya dmesg ikitoa maneno “Read-error on swap-device”, hapana budi kuishuku diski yenyewe. Programu iliyouhitaji ukurasa usiosomeka hukatishwa, na malipo ya pamba ambayo hayajahifadhiwa hupotea nayo. Kwanza daftari zote zinakiliwe kwenye diski nyingine. Ndipo swopu mbovu izimwe kwa swapoff, na mpya iundwe kwa mkswap kwenye diski isiyo na hitilafu. Jina la sehemu lisomwe mara mbili kabla ya kubonyeza: herufi moja ikikosewa, daftari la wanachama laweza kuharibika.