MADA YA MARUDIO: KINGA YA MWILI NA HOMA YA INI AINA YA B

Malengo ya mada
Ukimaliza mada hii uweze:
(a) kueleza hatua ambazo mwili huchukua dhidi ya kirusi cha homa ya ini aina ya B;
(b) kueleza kwa nini ini huharibika;
(c) kutafsiri majibu ya vipimo vya damu;
(d) kueleza jinsi chanjo inavyoleta kinga.

1. Nani anaharibu ini?
Swali hili likiulizwa, watahiniwa wengi huandika kwamba kirusi "kinakula" seli za ini. Jibu hilo si sahihi. Kirusi huingia ndani ya seli ya ini na kuigeuza kiwanda cha kuzalisha virusi vingine, lakini kwa kawaida chenyewe hakiiui seli hiyo. Sehemu kubwa ya madhara hutokana na mfumo wa kinga wa mwili, ambao huziua seli zilizoambukizwa ili kukiondoa kirusi. Shika jambo hili moja, kwa sababu sehemu zote zinazofuata zinalitegemea.

2. Hatua za mapambano
(i) Kutambua. Ganda la nje la kirusi lina protini ambayo mwili huiona kuwa ngeni. Protini hiyo ni antijeni, na kwenye fomu ya maabara huandikwa HBsAg. Iligunduliwa na Baruch Blumberg na wenzake katika miaka ya 1960, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1976.
(ii) Kutengeneza kingamwili. Limfosaiti B hutoa kingamwili zinazonasa virusi vinavyoelea kwenye damu kabla havijaingia katika seli. Kirusi kikishaingia ndani ya seli, kingamwili hazikifikii.
(iii) Kushambulia seli. Limfosaiti T hutambua vipande vya protini ya kirusi vilivyojitokeza juu ya seli ya ini. Baadhi huiua seli hiyo. Nyingine hutoa kemikali zinazozuia kirusi kuzaliana.
(iv) Kuweka kumbukumbu. Baada ya kupona, seli za kumbukumbu hubaki ili kirusi kikirudi kishughulikiwe haraka.

Seli nyingi za ini zikifa kwa pamoja, vimeng'enya vyake humwagika kwenye damu. Ini pia hushindwa kuondoa bilirubini, hivyo macho huwa ya manjano na mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi. Kwa hiyo manjano ni dalili kwamba mapambano ni makali.

3. Umri wa kuambukizwa
Kati ya watu wazima 100 wenye afya njema wanaoambukizwa, zaidi ya 95 hukiondoa kirusi ndani ya miezi 6. Kati ya watoto wachanga 100 wanaoambukizwa, takriban 90 hubaki nacho. Sababu ni kwamba kinga ya mtoto mchanga haijakomaa, hivyo hukivumilia kirusi badala ya kukishambulia. Mtoto haumwi, hana manjano, na anakua vizuri.

Maambukizi yakizidi miezi 6 huitwa sugu. Miaka mingi baadaye, mara nyingi utu uzimani, kinga inaweza kuamka na kuanza kuua seli zilizoambukizwa bila kumaliza kazi. Seli hufa, nyingine huzaliwa, na makovu hubaki. Makovu yakienea, ini huwa gumu na kushindwa kufanya kazi. Hali hiyo huitwa sirosisi. Saratani ya ini pia inaweza kufuata.

Zingatia: kutokuumwa si ushahidi wa kupona. Dawa zilizopo huzuia kirusi kuzaliana na hulinda ini, lakini kwa kawaida haziondoi DNA ya kirusi iliyojificha ndani ya kiini cha seli. Ndiyo maana mgonjwa huhitaji kufuatiliwa kliniki kwa muda mrefu.

4. Kusoma majibu ya vipimo
Hupimwa vitu vitatu: HBsAg, kingamwili dhidi ya ganda, na kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi.
• Vyote hasi: hajaambukizwa na hana kinga. Achanjwe.
• Kingamwili dhidi ya ganda pekee chanya: amepata kinga kwa chanjo.
• HBsAg hasi, kingamwili zote mbili chanya: aliambukizwa akapona.
• HBsAg chanya, kingamwili dhidi ya kiini chanya, dhidi ya ganda hasi: ana kirusi.

Kumbuka: chanjo ina protini ya ganda tu. Kwa hiyo aliyechanjwa hawezi kupata kingamwili dhidi ya kiini kutokana na chanjo hiyo.

5. Chanjo, na mfano wa Korogwe
Protini ya ganda huzalishwa kwa kutumia hamira. Haina DNA ya kirusi, hivyo haiwezi kuambukiza, lakini inatosha kuufundisha mwili. Tanzania iliingiza chanjo hii katika ratiba ya watoto mwaka 2002. Hutolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na tangu 2009 imo ndani ya chanjo inayokinga magonjwa matano.

Korogwe ilikuwa mojawapo ya vituo 11 barani Afrika vilivyofanya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, kati ya 2009 na 2014. Herufi S katika jina hilo ni ganda la kirusi cha homa ya ini B. Watafiti waliunganisha kipande cha protini ya kimelea cha malaria na protini ya ganda hilo ili kinga ikione vizuri. Matokeo yake, chanjo hiyo huamsha pia kingamwili dhidi ya homa ya ini B. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwaka 2021.

6. Swali la mfano
Kijana wa Handeni aliyezaliwa mwaka 2000 alikwenda kuchangia damu akaambiwa HBsAg ni chanya. Hajawahi kuugua manjano. Mama yake akamtengea sahani na kikombe. Mdogo wake wa kike, aliyezaliwa 2008, alipata chanjo zote.
(a) Kwa nini huenda hajawahi kuugua? (b) Je, kumtengea vyombo ni sahihi? (c) Mdogo wake ana kinga ya aina gani?

Majibu
(a) Huenda aliambukizwa utotoni, kabla chanjo haijaanza kutolewa nchini. Kinga yake ikakivumilia kirusi bila kuua seli nyingi za ini.
(b) Si sahihi. Kirusi huenea kwa damu, kujamiiana, kuchangia nyembe au sindano, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Hakienei kwa kula pamoja. Asichangie nyembe wala mswaki, ahudhurie kliniki, na wanafamilia wapimwe; wasio na kinga wachanjwe.
(c) Kinga iliyotokana na chanjo, ambayo mwili wake wenyewe umeitengeneza.

Zoezi
1. Eleza kwa nini kingamwili pekee haziwezi kukiondoa kirusi ambacho tayari kimo ndani ya seli.
2. "Mgonjwa mwenye manjano anaweza kuwa na nafasi nzuri ya kupona kuliko mtoto mchanga asiye na dalili." Jadili.