Yoga Nje ya Nyumba Kakamega: Faida Zake, Hatari Zake na Saa ya Kuchagua

Nyumba nyingi za Kakamega hazina chumba cha kutandika mikeka minne kwa pamoja. Uani nafasi ipo: nyasi zimefyekwa, mwembe unatoa kivuli, na hakuna ada. Kwa familia inayotaka kufanya mazoezi pamoja, baba, mama, watoto na nyanya, hiyo ni faida kubwa. Jijini Nairobi, shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa mwaka 2007, limewafunza vijana kuwa walimu na kupeleka madarasa ya bure kwa jamii, ushahidi kwamba yoga si ya wenye pesa pekee.

Yoga ilizaliwa India. Ni kunyoosha viungo, kushikilia mikao na kupumua kwa utaratibu. Muumini anayesita kwa sababu ya imani yake anaweza kufanya mikao na kuvuta pumzi bila wimbo wala dua ya dini nyingine, na mwili utafaidika vilevile.

Faida zenyewe zisitiwe chumvi. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2017 yalionyesha kwamba yoga hupunguza kiasi maumivu ya kudumu ya kiuno, tatizo linalojulikana sana kwa anayeinama shambani tangu asubuhi. Mapitio hayohayo yalieleza kuwa baadhi ya washiriki maumivu yao ya mgongo yalizidi. Mkao unaouma uachwe papo hapo.

Tena, yoga ya polepole haitoshelezi hitaji lote la mwili. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi yanayoharakisha pumzi. Kutembea kwa kasi kwenda sokoni kunahesabiwa, na kulima pia. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, hutoa jasho kuliko mikao mingi ya yoga.

Je, kuwa nje kunaongeza nini? Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019, uliowahusisha watu karibu 20,000, uliona kwamba waliokaa penye miti na nyasi dakika 120 au zaidi kwa wiki walielekea kusema wana afya njema na wameridhika na maisha. Haukuthibitisha kwamba miti ndiyo iliyowaponya, lakini unaipa familia sababu ya kutoka. Na Kakamega ina utajiri huo kuliko kaunti nyingi: bustani ya Muliro mjini, na msitu ulio mabaki ya msitu wa mvua uliowahi kuungana na ule wa Kongo.

Hatari ziko kwenye saa na kwenye udongo.

Tuanze na mbu. Kakamega iko katika ukanda wa magharibi ambako malaria ipo mwaka mzima. Ndiyo maana ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoanza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto mwaka 2019. Mbu wa malaria huuma hasa usiku, na watafiti magharibi mwa Kenya wameona baadhi yao wakiendelea kuuma hata baada ya kupambazuka. Kwa hiyo yoga ya alfajiri, inayosifiwa sana kwingineko, hapa haifai sana. Jua huchomoza kati ya takriban saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasoro dakika kumi. Afadhali kungoja hadi saa moja na nusu, umande ukauke na mkeka usiteleze, kisha kuvaa suruali ndefu na mikono mirefu. Homa ikimshika mtu, apimwe malaria ndani ya saa 24.

Kufikia saa tatu na nusu mtu awe amehamia kivulini. Mji uko karibu na ikweta, kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,500, na miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mwenye ualbino asikae juani hata kwa mkao mmoja.

Udongo nao una wakazi wake. Mabuu ya minyoo ya safura hupenya ngozi ya mguu mtupu, na funza hujificha kwenye vumbi la ua usiofagiliwa. Yoga hufanywa bila viatu, kwa hiyo mkeka au gunia safi lililofunikwa leso ni kinga ya lazima, na ndara zivaliwe mpaka ukingoni mwa mkeka. Ufagiliwe ua, yaokotwe mawe na vigae. Mzee anayesimama kwa mguu mmoja ashike ukuta.

Msituni pana nyoka wenye sumu kali, akiwemo moma. Familia iende na mwelekezi, ibaki mahali pa wazi. Aliyeumwa asichanjwe, asinyonywe jeraha wala asifungwe kamba. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitalini mara moja.

Kuna jambo ambalo wanawake wengi hulisema: macho ya wapita njia. Ua wenye wigo, nguo pana na kundi la majirani husaidia, na hakuna aibu kuchagua nyuma ya nyumba.

Mwenye presha ya juu, presha ya macho au mjamzito aache mikao ya kichwa chini. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijijini aombwe kupima presha kabla ya kuanza. Tangu mwaka 2023 wengi wao wamepewa vifaa vya kuipimia.

Lililobaki ni radi. Mvua za Kakamega hupenda kuja alasiri, na radi zake zimeua. Ngurumo ya kwanza ikisikika, mikeka ikunjwe hata kama jua bado linawaka. Watu waingie ndani ya nyumba, wasikimbilie chini ya mwembe, na wasitoke mpaka zipite dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.