Namna ya kupima filamu ya zamani iliyorejeshwa

Filamu za watu wanaojichukulia sheria mkononi zilishamiri Marekani katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika Death Wish ya mwaka 1974, Charles Bronson ni msanifu majengo wa New York ambaye mkewe anauawa na binti yake anadhulumiwa, naye anaanza kuwawinda wahalifu usiku. Katika Vigilante ya William Lustig, Robert Forster ni mfanyakazi wa kiwandani anayeipoteza imani yake kwa mahakama baada ya familia yake kushambuliwa. Filamu zote mbili zilipigwa katika New York yenyewe: barabarani, bustanini na kwenye majengo yaliyochakaa. Giza na uchafu wa mji ule ni sehemu ya hadithi, kwa sababu ndivyo vinavyomfanya mtazamaji aielewe hofu ya mhusika.

Ndiyo maana filamu za aina hii huharibika upesi zikisafishwa kupita kiasi. Wengi wetu tulizifahamu kwa kanda za VHS zilizorudufiwa mara nyingi, picha imefifia na sauti inakwaruza. Sasa kuna diski za Blu-ray na za 4K, na karibu kila jalada linasema filamu imerejeshwa upya. Ukitaka kujua kama fedha yako itakwenda mahali panapostahili, shika kanuni hii moja: urejeshaji mzuri huondoa kilicholetwa na miaka, na huacha kilichowekwa na waliotengeneza filamu. Hatua zinazofuata zote zinatokana na kanuni hiyo.

1. Uliza picha imetoka wapi

Negativu iliyokuwa ndani ya kamera ndiyo yenye picha kamili kuliko zote. Kila nakala inayotolewa kutoka kwake hupoteza kitu: mistari myembamba, rangi za katikati, vitu vilivyomo gizani. Kwa hiyo, kabla ya kusoma sifa nyingine yoyote, tafuta maelezo ya chanzo. Mfano mzuri ni Vigilante. Toleo lake la 4K la mwaka 2020 lilitokana na skani mpya ya negativu halisi ya milimita 35, na lilitolewa na Blue Underground, kampuni ya Lustig mwenyewe. Hapo unajua chanzo ni kipi, na unajua kwamba aliyeiongoza filamu alikuwapo.

Alama ya 4K peke yake haitoshi. Picha ya zamani ya HD inaweza kukuzwa hadi ikajaza pikseli 3840 kwa 2160 bila kuongezeka undani wowote. Maelezo yakitaja ukubwa wa picha na kukaa kimya kuhusu chanzo, ngoja kwanza.

2. Rekebisha televisheni yako kabla ya kuilaumu diski

Televisheni nyingi hutoka dukani zimewekwa kwa ajili ya kung'aa kwenye rafu. Chagua hali ya picha inayoitwa Cinema, Movie au Filmmaker Mode. Zima upunguzaji wa chembe, zima kinachoulainisha mwendo, kisha shusha ukali wa picha hadi kingo za vitu zisiwe na mstari mweupe pembeni. Funga mapazia. Usipofanya hivi, utakuwa unaipima televisheni badala ya filamu.

3. Kagua uso wa mtu

Vigilante inafunguka kwa hotuba ya Fred Williamson, uso wake ukiwa karibu na kamera. Simamisha picha hapo. Unatakiwa kuona vinyweleo, jasho, mikunjo ya ngozi, na juu ya vyote hivyo chembe nyembamba zinazobadilika kila fremu ukisogeza mbele. Chembe hizo si uchafu. Picha ya filamu imejengwa kwa chembe, na ukizifuta unafuta na undani uliobebwa nazo.

Toleo la Blu-ray la Predator lililotoka mwaka 2010 ni funzo la jambo hili. Chembe zilipunguzwa kwa kompyuta hadi nyuso za askari wa msituni zikawa laini kama mshumaa, na mashabiki wakalilalamikia sana. Dalili ya kasoro hii huonekana pia mtu anapogeuka: ngozi inaonekana kubaki nyuma ya kichwa kidogo, kisha inajikusanya tena. Ukiona hivyo, liache toleo hilo hata kama mikwaruzo yote imeondoka.

4. Kagua giza

Katika Death Wish, mauaji ya kwanza ya mhusika yanatokea bustanini usiku. Mandhari kama hiyo ndiyo mtihani mgumu kuliko yote. Angalia koti jeusi mbele ya giza. Je, unaona mikunjo ya kitambaa? Ikiwa koti, miti na mbingu vimeungana kuwa doa moja jeusi tii, mwangaza umeshushwa mno. Ikiwa weusi umegeuka kijivu na kila kichaka kinaonekana wazi, umepandishwa mno, na hofu ya mandhari imepotea. Angalia pia kama giza limegawanyika katika miraba midogo inayochezacheza. Hiyo inaonyesha kwamba filamu imebanwa mno ili itoshe kwenye diski au ipite kwenye intaneti.

5. Pima rangi kwa kulinganisha mahali na mahali

Death Wish inakupa kipimo cha bure. Mhusika anaondoka New York yenye baridi na rangi ya kijivu, anakwenda Tucson, Arizona, kwenye jua kali na vumbi, kisha anarudi. Tofauti hiyo inapaswa kuonekana mara moja. Toleo linaloipaka miji yote miwili rangi ileile ya buluu na chungwa limeifuta kazi ya mpiga picha.

Hata jina la mwongozaji si kinga kamili. Mwaka 2009 William Friedkin aliibadilisha sana rangi ya The French Connection, filamu yake ya mwaka 1971, kwa ajili ya Blu-ray. Owen Roizman, mpiga picha mkuu wa filamu hiyo, alipinga hadharani. Mwaka 2012 likatoka toleo jingine lenye rangi za asili zaidi, na safari hii Roizman alishirikishwa. Kwa hiyo, unaposoma nani aliidhinisha rangi, litafute na jina la mpiga picha.

6. Tazama vitu vidogo vinavyokwenda kasi

Programu za kuondoa vumbi hutafuta kitu kinachotokea kwenye fremu moja na kutoweka. Katika filamu ya mapambano, vitu vya namna hiyo ni vingi na vina maana: cheche za risasi, vipande vya kioo, matone ya mvua. Chagua mandhari ya bastola au ya gari linalogongwa, kisha isogeze fremu moja moja. Kioo kikivunjika na vipande vikikatikakatika hewani bila sababu, kompyuta iliachiwa kazi bila mtu wa kuikagua.

7. Kagua umbo la picha na sauti

Vigilante ilipigwa kwa picha pana, upana ukiwa mara 2.35 ya kimo. Matoleo yaliyokatwa ili yajaze televisheni za mraba yalipoteza zaidi ya asilimia 40 ya picha. Mistari myeusi juu na chini ni haki yake. Kwa sauti, Death Wish ilitoka kwa mono. Toleo zuri hukuachia sauti hiyo ya awali hata kama limeongeza nyingine ya spika nyingi, kwa kuwa milio ya bunduki iliyopachikwa upya huondoa uzito wa ile ya zamani.

8. Hakikisha diski itacheza nyumbani kwako

Diski za 4K kwa kawaida hazina mipaka ya kanda. Blu-ray nyingi za kawaida zinayo: Afrika iko kanda B, Marekani iko kanda A. DVD za mfumo wa PAL nazo huiendesha filamu kwa fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo filamu ya dakika 90 huisha kwa takriban dakika 86, na mara nyingi sauti za waigizaji hupanda kidogo.

Ukilazimika kuchagua, weka mbele chanzo, kisha chembe, kisha giza. Mkwaruzo mmoja au doa linalopita halikuzuii kuiona filamu, lakini uso uliofutwa hakuna mashine ya nyumbani itakayokurudishia. Kati ya diski ya 4K iliyolainishwa na Blu-ray ya bei nafuu iliyoziacha chembe zake, nunua Blu-ray.