Utumbo Huanza Kazi Kabla ya Chakula

MJUKUU: Babu, nimetoka Tororo asubuhi. Wale kambare niliowaangua walitoka mayaini jana, nimewatupia chakula, hawagusi. Maji yameanza kunuka.

BABU: Umewahi mno, mjukuu. Kifaranga huzaliwa na akiba yake, kile kifuko cha kiini tumboni. Kikikaribia kuisha, kama siku ya 3, ndipo ulishe.

MJUKUU: Kumbe! Na utumbo wake wakati huo umelala?

BABU: Haulali. Yuko samaki pundamilia, wa India na Bangladesh, ambaye akiwa mchanga ngozi yake haifichi kitu, ndiyo maana wataalamu humpenda. Na usimwone mgeni: ana udugu wa mbali na omena hawa wanaouzwa hapa Busia, ambao ninyi ng'ambo ya mpaka mnawaita mukene. Siku ya 3 tangu yai kurutubishwa, utumbo wa samaki pundamilia hushtukashtuka ovyo. Siku ya 4 yanatokea mawimbi: msuli unabana nyuma, unalegea mbele, kama vidole vya mkamuaji. Kula anaanza kama siku ya 5.

MJUKUU: Nani anauamuru?

BABU: Mwanzoni ni msuli wenyewe. Kisha zinakuja neva. Seli za neva hizo huhama kutoka upande wa kisogo, zikateremka na utumbo hadi mwisho. Safari hiyo inategemea jeni kadhaa, mojawapo ret. Ikiharibika, seli hazifiki.

MJUKUU: Na ile kemikali ya serotonini, inahusika? Redioni walisema ni ya ubongo, ya furaha.

BABU: Redio! Kwa binadamu kama asilimia 90 iko tumboni. Mtaliano Vittorio Erspamer aliikuta huko miaka ya 1930, akaiita enteramini. Mwaka 1948 Wamarekani waliitoa kwenye damu wakaiita serotonini, na mwaka 1952 ikathibitika ni kitu kilekile. Jeni ya tph1 ndiyo yenye maelekezo ya kimeng'enya kinachoanza kuitengeneza kutokana na triptofani tunayoila. Chakula kikisukuma ukuta wa utumbo, serotonini humwagika, neva zikashtuka, wimbi likaanza. Kwa panya imeonekana pia kwamba husaidia neva za utumbo kukua.

MJUKUU: Mambo ya samaki na panya hayo, Babu. Sisi yanatuhusu nini?

BABU: Jeni ya ret unayo wewe pia. Hitilafu yake ni chanzo kikubwa cha ugonjwa wa Hirschsprung: mtoto huzaliwa mwisho wa utumbo wake hauna neva, choo kinakwama, tumbo linavimba. Tiba yake ni upasuaji. Kwa hiyo ukirudi, waambie akina mama wenzako: mtoto akimaliza siku ya kwanza bila choo, aonwe na mkunga. Akifikisha saa 48, hospitali moja kwa moja, asinyweshwe mitishamba.