Msiba Ukifika Mwandoya: Yale Yanayobaki Baada ya Matanga

Mwandoya, wilayani Meatu mkoani Simiyu, mtu hafiwi peke yake. Kilio kikisikika alfajiri, jua halijapanda majirani wameshafika: akina mama na madumu ya maji na unga, vijana na majembe na sururu, wazee wameuzunguka moto nje. Daftari linafunguliwa, na kila anayetoa rambirambi anaandikwa, awe ameleta debe la mahindi au shilingi elfu mbili. Kikundi cha kufa na kuzikana kinajua zamu zake. Kwa siku hizo za mwanzo sina la kumfundisha mtu wa huku. Ninayotaka kuyasema yanaanza watu wanapotawanyika.

La kwanza ni lile swali linalonong'onwa tangu jioni ya mazishi: nani kamuua? Mzazi aliyemzika mtoto wa miaka minne, aliyekuwa akikimbiza mbuzi juzi tu, haridhiki akiambiwa "ni homa". Anataka sababu, na ana haki nayo. Hatari iko kwa yule anayekwenda kumuuliza. Mpiga ramli chonganishi hatamweleza kwamba malaria kali yaweza kumuua mtoto ndani ya siku moja au mbili, wala kwamba presha humwangusha mtu aliyelala mzima. Atamtajia mchawi: shangazi, jirani, na mara nyingi bibi kizee mwenye macho mekundu.

Macho yale kila aliyekulia huku anajua yametoka wapi. Kuni ni adimu, na bibi amepikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka kwa miaka na miaka, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Moshi ndio uliomharibu macho. Hata hivyo uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, karibu theluthi mbili yao huku Usukumani, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Hao ni bibi zetu. Waliuawa kwa sababu mtu mwingine alikufa na hakuna aliyeeleza amekufa na nini.

Kwa hiyo, kabla mwili haujatoka kituo cha afya au hospitali, ndugu mmoja mtulivu amwone daktari na kumuuliza: amekufa na nini, ugonjwa ulianza lini, kuna mwingine nyumbani anayepaswa kupimwa? Aandike majibu na kuyasoma mbele ya ukoo siku ileile. Kama ni kifua kikuu, majibu hayo yanaweza kumwokoa aliyekuwa akilala chumba kimoja na marehemu. Aliyefia nyumbani, peleka daftari lake la kliniki kwa mhudumu wa afya, naye atasaidia kueleza. Bibi akianza kunyooshewa kidole, mtendaji wa kijiji na polisi wapewe taarifa siku hiyohiyo, na usiku asilale peke yake. Kumwita mtu mchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu 1928.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi. Kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Hospitali hutoa tangazo la kifo. Aliyefia nyumbani, anza kwa mtendaji. Cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, hushughulikiwa wilayani, yaani Mwanhuzi. Bila cheti hicho, benki na mafao havitikisiki, na mirathi katika Mahakama ya Mwanzo inakwama, hata kama muhtasari wa kikao cha ukoo uko tayari.

Kwenye kikao hicho mjane awepo, na asitie dole gumba kwenye karatasi asiyosomewa. Wajane wawili wa Shinyanga, enzi hizo Meatu ikiwa bado sehemu ya mkoa huo, walifukuzwa na wakwe majumbani mwao, wakaenda mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba sheria ya mila ya urithi inawabagua wanawake, lakini ikakataa kuifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake ikasema Tanzania imevunja haki zao. Na habari ya kurithiwa na shemeji: hata kanuni za mila zilizoandikwa 1963 zinataka mjane aulizwe kama anakubali. Akisema hapana, basi ni hapana.

Watoto tunawasahau. Huwa wanapelekwa kwa jirani, wanaambiwa baba amesafiri. Kisha mtoto anakaa njiani kila jioni akimngoja, na anaanza kuogopa kila anayefunga begi. Mwambie: baba amekufa, mwili wake hauumwi tena, harudi. Atauliza tena kesho na keshokutwa; mjibu vilevile. Akitaka kwenda makaburini, mshike mkono mwende.

Kisha matanga yanaanuliwa, turubai linakunjwa, na nyumba inanyamaza. Hapo ndipo mfiwa anapohitaji watu, nao wamerudi kwenye pamba. Kikundi kipange zamu za wiki za baadaye kama kinavyopanga za kuchimba kaburi. Anayekwenda asipeleke mahubiri. Achambue mboga naye, amtaje marehemu kwa jina, amwache alie. "Jikaze, wewe ni mwanamume" iachwe kabisa. Wanaume wengi hulilia kwenye pombe baada ya kuambiwa hivyo.

Kukosa usingizi na hamu ya kula katika wiki za kwanza ni kawaida. Miezi ikipita bila mfiwa kuweza kulima, kuoga wala kuongea na watu, apelekwe kituo cha afya. Huzuni iliyogeuka ugonjwa ina tiba. Akisema anataka kumfuata marehemu, msimkemee na msimwache peke yake hata usiku mmoja. Mpelekeni kituo siku hiyohiyo, na chupa zote za dawa ya kupulizia pamba zitoke nyumbani, zikafungiwe kwa jirani.