Ardhi Iliyoitwa Tupu



Juma lililopita, tulipokuwa tukisoma amri ya saba, kijana mmoja aliinua mkono akauliza: «Mwalimu, watumwa weusi wa Marekani waliachwa huru mwaka 1865. Mbona mpaka leo wengi wa wazao wao hawalingani na Wazungu wa huko kwa mali wala kwa makao?» Sikutaka kumjibu kwa haraka. Nilimwambia atoke nje kwanza, atazame kilima.

Wengi wenu hapa Mudaka mnalima kwa bwasa, wala hamhitaji mimi niwaeleze. Mtu hupewa kipande cha shamba kwa msimu, hulipa fedha au siku za kazi, hupanda maharagwe au mahindi. Mgomba na kahawa amekatazwa, maana mmea wa kudumu ungemfanya aonekane mwenyewe wa shamba. Babu zetu walitegemea zaidi kalinzi: mtu alimpelekea mkuu ng'ombe au mbuzi mbele ya mashahidi, akapata shamba lake na la watoto wake. Kalinzi nayo ilikuwa na kasoro, kwa kuwa asiye na mnyama alibaki mtumishi wa wengine. Lakini aliyeipata alipanda mgomba wake.

Basi, bwasa ilieneaje namna hii? Tarehe 1 Julai 1885 serikali ya Mfalme Leopold II iliamuru kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Serikali. Angalieni sana maneno hayo. Shamba lililopumzishwa, malisho ya ng'ombe, kichaka cha kuni na dawa: machoni pa mgeni vyote vilikuwa vitupu. Mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyoitwa CNKi, ikapewa madaraka ya kuwagawia walowezi ardhi. Wakaja katika Bushi, penye udongo mwema, wakapanda kahawa, chai na miti ya kwinini. Mzungu alikuwa na karatasi yenye mhuri. Mushi alikuwa na mashahidi wake, na ushahidi wao haukuhesabiwa kitu mbele ya karatasi. Kisha kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilipatikana kwa kumfanyia kazi yule yule aliyechukua kilima. Mwami Rugemaninzi wa Kabare, ambaye hakuelewana na wakoloni, aliondolewa kitini mwaka 1936, akapelekwa Léopoldville.

Misheni nazo zilipewa ardhi. Mapatano ya mwaka 1906 kati ya Roma na serikali ya Leopold yaliahidi kila kituo hekta 100 hadi 200. Haifai mwalimu wa dini afiche jambo hilo.

Sasa twende Marekani. Waafrika walioshushwa Virginia mwaka 1619 walitoka Angola, jirani yetu. Waliowafuata, na wazao wao, walilima tumbaku na pamba za wengine kwa zaidi ya miaka 200. Januari 1865, vita vya huko vilipokaribia kwisha, Jemadari Sherman aliamuru familia zilizoachwa huru zipewe mashamba katika pwani ya South Carolina, Georgia na Florida, yapata hekta 16 kwa familia. Kabla ya mwaka kwisha, Rais Andrew Johnson akawarudishia mabwana wa zamani ardhi ile. Mtumwa wa jana akarudi shambani kwa bwana wake, safari hii kwa kugawana naye mavuno. Nadhani mnaitambua hali hiyo kuliko mimi. Ni ndugu wa bwasa. Juu yake zikaja sheria za kuwatenga weusi shuleni, garini na katika kura, zikadumu hadi miaka ya 1960.

Mtauliza, walipataje usingizi? Wengine walidai kwamba mtu mweusi amelaaniwa katika Hamu. Fungueni Kitabu cha Mwanzo, sura ya 9. Noe anamlaani Kanaani, wala rangi ya ngozi haitajwi hata mara moja.

Mtaniambia pia kwamba walowezi wamekwisha kwenda. Ni kweli. Lakini sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kwamba ardhi yote ni ya Serikali, na Novemba ya mwaka ule ule plantasio za wageni zikaamriwa kupewa Wazaire. Nyingi zilipata wakubwa wenye jina mjini, si wana wa wale waliohamishwa. Sheria hiyo iliahidi pia kwamba haki za wanakijiji juu ya ardhi ya mila zingepangwa kwa amri ya Rais. Makumi ya miaka yalipita pasipo amri hiyo kutolewa. Rangi ya mwenye karatasi ilibadilika; karatasi ilibaki ile ile.

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja amwulize mzee wa kwao: kilima kile kiliitwaje kabla ya plantasio? Ni nyumba zipi zilizolisha ng'ombe pale? Siku ya kuhamishwa zilipewa nini? Andikeni majina, hata kama mzee anayakumbuka nusu nusu. Yule kijana aliyeuliza juu ya Marekani amekwisha kuanza. Bibi yake amemtajia tisa.